Mwaka wa Swali la Jina la Mama

Tulipomzika Papa Paluku mwezi uliopita, mvua ya Butembo ilinyesha kama kawaida yake, na sisi tulioketi chini ya turubai kwenye parseli yake, kiwanja cha nyumba yake, tulikunja miguu ili tope lisitufikie. Watu walisema mengi mazuri. Padri alisema marehemu alikuwa mtu wa sala, nikashangaa kidogo, maana mimi nilimwona akisali hasa pale jenereta lilipokataa kuwaka. Mwakilishi wa chuo kikuu akasoma karatasi ndefu: alileta kompyuta, alileta intaneti, alifungua maabara ya tawi la Beni. Yote kweli. Lakini nilikaa pale na sahani ya wali na maharagwe mapajani, nikingoja mtu ataje jambo ambalo mimi namkumbukia, na hakuna aliyelitaja. Mwalimu mmoja kijana aliyeketi karibu nami akaniinamia akauliza, “Mama Masika, ni ye njo alikufundisha hii kazi?” Nikamwambia ndiyo, njo yeye. “Alikufundisha nini?” Jibu lilikuwa refu kuliko sahani yangu. Nimeliandika hapa.

Leo kazi yangu ni kulinda taarifa za vyuo: alama za mitihani, faili za wanafunzi, kila kitu ambacho zamani kilifungiwa kabatini na sasa kinakaa ndani ya mashine. Naifanya vizuri, nasema bila haya. Vyuo vinaniita kutoka Butembo, Beni na hata mbali zaidi, na wakuu wao wananisikiliza, ingawa wengine huanza kwa kumtafuta mwanamume niliyekuja naye. Nani alinizaa na nilisoma wapi si habari ya hapa. Mwaka ninaousema nilikuwa na diploma mpya na mdomo mwepesi, nilikuwa naijua kazi yangu, na nilikuwa najua kwamba naijua. Papa Paluku alinichukua kuwa msaidizi wake kwa sababu, alisema, alikuwa amechoka na vijana wanaoitikia ndiyo kwa kila kitu.

Chumba chetu cha mashine kilikuwa zamani stoo ya kantini, na harufu ya maharagwe makavu haikukitoka hata siku moja. Kulikuwa na dirisha dogo, meza mbili, na ile kompyuta kubwa iliyobeba chuo kizima, ambayo Papa Paluku aliifunika kwa blanketi la sufu kila jioni tulipozima jenereta, kwa ajili ya vumbi jekundu. Mimi nilisema anaogopa isipate mafua. Saa sita mama wa kantini alituletea viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa, tukala tukiwa tumevaa makoti, maana Butembo ina baridi ambayo watu wa Beni hawaiamini mpaka waje waione. Pale mezani ndipo nilipojifunza kazi. Papa Paluku alikuwa mtu mnene, mpole, anayependa mzaha, na alikuwa na adui mmoja tu duniani: simu ya Jumatatu. Kila Jumatatu walimu waliamka wakiwa wamesahau maneno yao ya siri, na kila mmoja alimpigia yeye.

Ndiyo maana, chuo kiliponunua programu mpya ya kutunza alama, alifurahi kuliko wote. Programu ile ilitoka mbali, ilikuwa ya Kifaransa, na ilikuwa na ukurasa wa waliosahau: unabonyeza, inakuuliza swali ambalo ni wewe tu unayejua jibu lake, ukijibu inakupa nafasi ya kuandika neno jipya. Mkuu wa mashine ndiye wa kuchagua swali. Tuliyasoma yale maswali huku tukila, na nusura nipaliwe na chai. Gari lako la kwanza lilikuwa la aina gani? Ulikulia barabara gani? “Na hii,” akasema Papa Paluku, akisogeza miwani. “Jina ya imbwa yako ya kwanza! Ku kwetu imbwa iko na jina? Iko imbwa tu.” Swali la mwisho lilikuwa jina la mama. Akapiga meza kwa kiganja. “Hii njo swali. Gari haiko, avenue haina kibao, mais mama, kila mutu iko naye, ata kama amekufa.” Akalichagua kwa watu wote, kuanzia kwake mwenyewe na Katibu Mkuu wa Masomo hadi mwanafunzi wa mwisho. Tukawajazia watu majibu kutoka kwenye faili zao, na simu za Jumatatu zikapungua, na kwa majuma mengi tulikula viazi vyetu kwa amani.

Kazi yangu kubwa mwaka ule ilikuwa kuipeleka programu ile tawi la Beni, na kila nilipoteremka nililala mtaani Mulekera, nyumbani kwa Mama Katungu. Yeye ndiye aliyekuwa na ofisi ya kuandikisha wanafunzi pale tawini. Alama zote za Beni zilipita mikononi mwake kabla ya kufika Butembo. Alinipa chumba cha nyuma, ambacho kilikuwa na kitanda kimoja na magunia ya kakao ya shemeji yake, na usiku nililala nikinusa ile harufu yake chachu hadi nguo zangu zikaishika. Alipika sombe, yale majani ya muhogo, kwa mawese mekundu ya Beni na samaki wa moshi, na alikuwa hanipi nafasi ya kukataa. “Kula, Masika. Mutu wa machine naye anakuwaka na tumbo.” Alikuwa mtu wa utaratibu mkali, mwenye kalamu za rangi tatu, asiyemwonyesha mwanafunzi alama yake kabla ya siku, hata mwanafunzi huyo angekuwa mtoto wa mchungaji. Jioni za Jumamosi alivaa kitambaa cha kwaya akaenda Beu, kanisani kwao, kufanya mazoezi. Nyimbo za Jumapili nilizisikia tangu Ijumaa, kutoka jikoni, zikikatishwa na amri za kuchochea moto. Mimi ni Mkatoliki, akanitania kwamba sisi tunaimba kama watu wanaosubiri gari.

Jumatatu moja nikiwa Butembo alipiga simu, nami ndiye niliyepokea. “Masika, mot de passe yangu inakatala. Niliiandika muzuri, inakatala tu.” Papa Paluku akachukua simu kutoka mkononi mwangu, akacheka. “Mama Katungu, na weye umesahau? Bon, nakupatia ingine.” Nikasikia sauti yake kutoka upande ule, kali kidogo: “Sikusahau, Papa. Miye siko mutu wa kusahau.” Tukampa neno jipya la siri, tukarudi kwenye viazi.

Majuma machache baadaye, walimu walipokutana kuhakikisha alama kabla ya kutangaza matokeo, mwalimu wa takwimu akasimama. Mwanafunzi mmoja wa Beni aliyempa saba juu ya ishirini sasa alikuwa na kumi na nne. Katibu Mkuu wa Masomo, Profesa Kambale, akatuagiza tufungue kumbukumbu za mashine, kwa kuwa programu ile iliandika kila mkono uliogusa alama. Tukafungua. Alama ilibadilishwa jioni ya Jumamosi moja, na aliyeibadilisha, mashine ilisema, ni Katungu.

Aliitwa Butembo. Alipanda gari asubuhi, akafika na kitenge chake kizuri, akasimama mbele ya wakuu katika chumba cha baraza, chenye viti virefu vya mbao na pazia la kijani. Mimi na Papa Paluku tulikaa nyuma na karatasi zetu. Profesa Kambale hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka, na matokeo yalikuwa yanangojwa na wazazi wa miji miwili. “Compte ni ya nani? Ni ya Katungu,” alisema, kidole kwenye jina la akaunti. “Mot de passe inajulikana na nani? Na Katungu. Donc?” Mama Katungu akajibu kwamba Jumamosi ile alikuwa kwenye kwaya, na mkono wake haukugusa alama ile. Profesa akasema kwamba siku hizi mtu anaweza kugusa alama kwa simu, hata akiwa kwaya. “Kama si weye, ni nani?” Akasema, “Sijue.” “Machine haisemake bongo, Mama.” Kwake mashine haikuweza kusema uongo. Akasimamishwa kazi, na uamuzi wa mwisho ukawekwa baada ya juma moja: kufukuzwa, na pengine kupelekwa kwa mwendesha mashtaka. Alipopita karibu yetu akitoka alimtazama Papa Paluku kama mtu anayemngoja mwenzake aseme neno, na Papa Paluku akatazama karatasi zake. Hakujua kilichotokea. Hata mimi sikujua, nami nilijiona najua kila kitu.

Nilitumwa Beni kushika ofisi yake mpaka apatikane mwingine. Sasa fikiria: nilikuwa naketi kwenye kiti chake mchana, na jioni narudi kulala kwake. Nilimwambia ningetafuta mahali pengine, akaniuliza kama sombe yake imebadilika ladha. Lakini nyumba ilikuwa kimya. Habari ilikuwa imemtangulia kutoka Butembo. Sokoni walishaanza kusema mama fulani anayeuza alama. Jumamosi ilipofika hakuvaa kitambaa cha kwaya. Alikaa jikoni anachambua lenga-lenga, jani kwa jani, akaniambia bila kuinua kichwa, “Ku kwaya banasema nipumzike kwanza, mpaka mambo itulie. Nipumzike. Nilichoka lini?” Nililia usiku ule juu ya mto wake unaonuka kakao, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, maana nilimwamini yeye na niliamini mashine, na vyote viwili havikuweza kukaa ndani ya kichwa kimoja.

Jumatatu nilikula mchana mtaani Bungulu, kwenye kibanda cha chakula ambacho wanafunzi wanakipenda, kilichogawanywa kwa vitambaa ili kila meza ijione ina faragha. Faragha ya kitambaa ni ya macho tu. Upande wa pili walikuwa vijana wawili, na mmoja alikuwa anajisifu kwamba ameingia kwenye kurasa za mpenzi wake akaona alama zake zote. “Mot de passe ulitosha wapi?” mwenzake akauliza, akitaka kujua alikolitoa. “Mot de passe ya nini? Unafinya kwa ‘nimesahau’, inakuuliza jina ya mama. Unatia Masika. Ikikatala, unatia Kavira. Ikikatala, Kahindo. Ku Banande utapita wapi? Mbele ya bugali kupoa, umeshaingia.” Wakacheka mpaka meza ikatikisika. “Ata ya baprof?” “Ata ya baprof. Bote si beko na bamama?”

Kwa msomaji asiyetoka kwetu lazima nieleze. Sisi Wanande hatupewi jina kwa kutafuta zuri, tunapewa nafasi. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, binti wa kwanza ni Masika kama mimi, na binti akifuata wavulana ni Kahindo. Ukiita Masika katika soko la Butembo, nusu ya wauza ndizi watageuka. Majina yote ya mama zetu yanaenea kwenye vidole vya mikono, na kila mtu anayajua tangu akiwa mgongoni. Mtu aliyeandika programu ile, huko kwao, alidhani jina la mama ni siri. Papa Paluku, ambaye mama yake alikuwa na jina la mama wa kila mtu, hakufikiri. Wala mimi sikufikiri, wala profesa yeyote kati ya wote waliojaza jibu lile. Tulikuwa tumelizoea jambo hilo mno kuweza kuliona.

Sikumaliza samaki wangu. Nilirudi ofisini, nikafunga mlango, nikafungua ukurasa wa waliosahau na kuandika jina la mkuu wangu. Nikajaribu jina langu mwenyewe, likakataa. La pili likakataa, la tatu likakataa, na mashine, kwa uvumilivu wake wa kijinga, haikuchoka kuniuliza. La nne likafungua, nikaandika neno jipya la siri, nikaingia. Nilikuwa Beni, na nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha Papa Paluku aliyekuwa Butembo, na chuo chote kilikuwa mbele yangu kama chungu kisicho na kifuniko. Ndipo nikaikumbuka ile simu ya Jumatatu. Mtu alikuwa amelibadilisha neno la Mama Katungu Jumamosi ili aingie, na Jumatatu yeye akalikuta lake limekataa. Alikuwa ametuambia, na sisi tukamcheka.

Mambo kama hayo hayasemwi kwa simu. Kesho yake asubuhi barabara ilikuwa wazi, nikapanda gari la Butembo. Abiria walizungumza, wakanyamaza pale ambapo watu hunyamaza kwa kuogopa washambuliaji, wakaanza tena kuzungumza baada ya hapo. Nilimkuta Papa Paluku anaondoa blanketi kwenye mashine. Nilimwonyesha bila maneno mengi: nikaandika jina la mama yake, ukurasa ukafunguka. Alikaa. “Mama yangu,” alisema taratibu, na sikujua kama alikuwa anashangaa au anamwita. Kisha, “Nani anajua?” Nikasema mimi na yeye, na wanafunzi wa Beni wote, kwa jinsi ninavyoona. Akatoka.

Ukuta kati ya chumba chetu na ofisi ya mhasibu ulikuwa wa mbao, nami nilisikia kila kitu. Mhasibu alikuwa rafiki yake wa siku nyingi. “Paluku, funga ile page, kimya kimya,” alisema. “Ukisema ni weye uliichagua, batakutosha ku kazi. Na kile cheo cha mukurugenzi, usahau.” Nikamsikia Papa Paluku akiuliza, “Na Katungu?” “Katungu atapata kazi ingine.” Niliogopa. Nilijua anaweza kufanya vile. Ilikuwa rahisi, dakika chache tu kwenye kibodi, na ni mimi tu ningejua. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia, na hayakuwa maneno ya mtoto kwa mzazi. Kisha sauti yake ikaja, ya kawaida kabisa, kama anazungumzia bei ya mafuta ya jenereta: “Kazi, atapata. Jina ingine atatosha wapi?”

Siku ya uamuzi aliingia katika chumba cha baraza na kompyuta ndogo chini ya kwapa, na mimi nyuma yake. Mama Katungu alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi la mwisho. Papa Paluku hakungoja kupewa nafasi. “Monsieur le Secrétaire, ninaomba ruhusa tujaribu kitu ku compte yako, hapa, mbele ya bote.” Profesa Kambale akakunja uso. “Jaribuni. Mot de passe yangu, ata bibi yangu wa ndoa haijue.” Papa Paluku akanipisha. Nilisugua vidole, kwa maringo, sikatai. Nilikuwa kijana na chumba chote kilikuwa kinanitazama. Nikafungua ukurasa wa waliosahau, nikaandika Masika. Ikakataa, na mtu akacheka nyuma. Nikaandika Kavira. Ikakataa. Nikaandika Kahindo, kisha neno jipya la siri, na ukurasa wa Katibu Mkuu wa Masomo ukafunguka, wenye uwezo wa kubadilisha alama ya mwanafunzi yeyote wa chuo kile, na nikaigeuza skrini ili waione.

Hakuna aliyecheka tena. Profesa alisimama, akaja karibu, akainama kusoma kama mtu asiye na miwani. Alipozungumza, haraka yake yote ilikuwa imemtoka. “Mama yangu tulishamuzika miaka mingi,” alisema. “Leo munamuita mu machine, na anaitika.” Akamtazama Papa Paluku. “Nani alitia hii swali?” Na Papa Paluku, mnene, mpole, ambaye alikuwa na sababu zote za kusema kampuni, au programu, au watu wa mbali, akasema: “Ni miye. Nilichagua ni miye, hakuna mutu alinisukuma. Mama Katungu alitupigia simu siku ile, alisema mot de passe yake inakatala, nikamuchekelea. Machine haikusema bongo, Monsieur le Secrétaire. Ilisema tu kwamba mutu moja anajua jina ya mama yake.” Nilimpenda mtu yule siku ile kama nilivyowapenda watu wachache maishani.

Mengine yalikwenda upesi. Mwanafunzi wa ile alama ya kumi na nne aliitwa, akaona hakuna pa kukimbilia, akasema mwenyewe alivyofanya. Akarudi kwenye saba yake, na mwaka akaurudia. Mama Katungu alirudishiwa kazi kwa tangazo lililobandikwa Butembo na Beni, Profesa Kambale akalisoma kwa sauti yake mwenyewe mbele ya wanafunzi. Papa Paluku alipata barua ya onyo, na cheo kile kikaenda kwa mwingine. Aliniambia mkurugenzi anaketi kwenye mikutano mingi na viti vile vya mbao vinaumiza makalio. Tuliufunga ukurasa ule, tukatengeneza utaratibu mwingine: asiyelikumbuka neno lake afike mwenyewe na kadi yake, aonekane uso. Simu za Jumatatu zikarudi zote, na hakulalamika.

Juma lililofuata tuliteremka wote wawili Beni, kumpa kila mfanyakazi wa tawi neno jipya. Zamani tulikuwa tunayachagua sisi, tunayatuma. Sisi tulijua ya kila mtu, na tuliona huo ndio usimamizi mzuri. Ofisi ya Mama Katungu ilikuwa ya mwisho. Alitukaribisha kwa heshima, kalamu zake tatu zimepangwa mezani, lakini hakututolea viti. Papa Paluku akamweleza kwamba sasa atalichagua mwenyewe, na asimwambie mtu.

“Ata weye?” akauliza.

“Ata miye, Mama.”

Mama Katungu akatazama mlango. “Papa Paluku, basi mutoke kwanza.”

Mimi nilidhani Papa Paluku atatania, kama kawaida yake. Mkuu wa mashine zote za chuo kikuu! Angeweza kugeuza uso tu, angeweza kutazama dirishani. Akasema, “Pardon, Mama,” akanishika kiwiko, tukatoka, na Mama Katungu akafunga mlango nyuma yetu kwa ufunguo. Tukasimama kwenye korido katika joto la Beni, wanafunzi wakipita wakitusalimia na kujiuliza tumefanya kosa gani. Mama Katungu alichukua muda wake. Nikanyoosha mkono nigonge, na Papa Paluku akaushusha.

“Muache,” alisema. “Anafanya kazi.”